Siku Saba za Kwenye Sahani

Binti yangu ana siku yake ya kuzaliwa, nami nina yangu ya kumpigia simu, na kwa miaka mingi siku hizo mbili hazikuwahi kukutana. Nilikuwa nikipiga wiki moja baadaye. Kila mwaka ananiambia, "Baba, ilikuwa wiki iliyopita," kwa sauti isiyo na kinyongo, jambo lililokuwa likiniudhi kuliko kinyongo chenyewe. Sababu yake ni ya kijinga. Alipozaliwa nilikuwa mbali, kwenye mafunzo ya miezi mitatu ya kupandikiza viinitete vya ng'ombe. Nilifika nyumbani siku ya nane. Nywele zake zilikuwa zimeshanyolewa, nyama ya akika imeshaliwa, jina ameshapewa na mjomba wake. Kichwa changu kikaanza kumhesabu tangu asubuhi ile nilipomwona, na baada ya hapo kikakataa kurekebishwa.

Naishi Bulembia, mlimani juu ya mji wa Kasese, vyumba viwili, juu ya mto unaopiga kelele mwaka mzima. Mama wa binti yangu aliondoka naye alipokuwa darasa la pili. Hakunifanyia fujo. Alisema tu kwamba amechoka kuolewa na pikipiki, nayo wakati huo ilikuwa mlangoni tayari, injini inanguruma. Nyuma yake nilikuwa nimefunga mtungi wa naitrojeni, yale maji ya baridi kali yanayohifadhi mbegu za madume na, siku za karibuni, viinitete pia. Maji ya mtungi yakiisha, kila kilichomo kinakufa. Kwa hiyo nilikuwa nikiufunua na kuuchungulia kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Mtu ambaye kiumbe chake cha kwanza kukijulia hali kila siku ni mtungi, huyo ni mpweke, na sioni sababu ya kulizunguka neno lenyewe.

Kiinitete cha maabara hupatikana hivi. Yai la ng'ombe wa maziwa mengi linakutanishwa na mbegu ya dume kwenye sahani ndogo ya kioo, kisha sahani inawekwa ndani ya kabati la joto kwa siku saba. Siku ya saba kile kitu, ambacho bado hukioni bila hadubini, kinaingizwa kwenye mrija na kugandishwa. Baada ya hapo mtu kama mimi anakipeleka kwa ng'ombe mwingine, asiye mama yake kwa damu, akakibebe.

Mwalimu wetu kwenye mafunzo alikuwa mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu. Alisema kila chembe ya mwili ina maandishi yaleyale ya urithi, ya sikio na ya ini, ila juu ya maandishi hayo kuna alama ndogo ndogo zinazosema hapa pasomwe, hapa panyamazwe. Mimba ikiingia, alama za zamani karibu zote hufutwa na mpya kupigwa. Chache tu zinatakiwa zibaki kama zilivyotoka kwa baba na kwa mama. Kazi hiyo huanza siku zile za kwanza kabisa. Tumboni hufanyika ndani ya maji ya mama. Kwenye sahani hufanyika ndani ya maji tuliyoyachanganya sisi, na baadhi ya alama zilizotakiwa kubaki hupotea. "Ndipo unapata ndama," alisema, "ambaye hakuna kitu ndani yake kinachomwambia aache kukua."

Kwa ng'ombe wa kunakiliwa, wale wanaotengenezwa kutoka chembe ya ngozi ya ng'ombe mzima, mambo ni magumu zaidi. Chembe ile inatakiwa isahau kwamba iliwahi kuwa ngozi, na nyingi hazisahau vizuri, kwa hiyo mimba nyingi hazifiki mwisho. Akatuonyesha picha ya ndama mkubwa kupita kiasi, ulimi unaning'inia, kitovu kimevimba kama ngumi. Niliandika yote kwenye daftari. Mwandiko wangu ni mzuri, nimesifiwa tangu shule. Nikarudi nyumbani na daftari langu, nikamkuta mtoto wa siku nane.

Mama ninayetaka kusimulia habari zake ni mjane kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki asiyeachana na rozari yake. Alivuka mpaka na vitenge viwili na sufuria, na watoto wake wawili wakubwa hajui walipo. Bwera, kwenye soko la mpakani, alianza kwa kuuza mawese kwa chupa. Alipopata akiba akanunua ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, akamweka Munkunyu, kwenye kipande cha ardhi alichokodi kwa jirani mmoja Msongora, mfugaji. Baadaye na yeye mwenyewe akahamia huko, chumba chake na banda vikigawana ukuta mmoja. Alizungumza na yule ng'ombe kwa Kinande, lugha ya kwao, siku nzima. Mradi mmoja wa maziwa niliokuwa nikiufanyia kazi ulipotangaza viinitete vya bure kwa akina mama wenye ng'ombe wenye afya, naye aliomba, akakubaliwa.

Nilimchoma ng'ombe sindano za kumleta kwenye joto siku tuliyoitaka. Jumanne, siku ya soko, alilia kutwa nzima akitafuta dume, na mama hakwenda sokoni, alikaa kumtazama kama nilivyomwagiza. Jumanne iliyofuata nikafika na mtungi wangu, nikapandikiza, nikafurahi, maana kiinitete kilipita bila shida. Hapo ndipo nilipokosea, tena kwa mwandiko mzuri. Kadi zangu zote zilikuwa za kupandisha kwa mbegu, kazi niliyoifanya miaka nenda rudi, na zina mstari mmoja tu wa tarehe. Kwa mbegu mstari huo unatosha, kwa sababu siku unayoitia ndiyo siku mimba inapoanza. Mkono wangu ukafuata mazoea. Nikaandika tarehe ya Jumanne ya pili, nikahesabu miezi tisa na siku zake, nikaandika siku ya kuzaa, nikapiga mhuri. Siku saba za kwenye sahani sikuziweka popote.

Mwezi wa tisa wa mimba mama alinipigia simu.

"Munganga, siku ya ngombe inafika."

"Bado, Mama. Tarehe iko kwenye kadi."

"Kadi naiona. Lakini mi nahesabu ingine."

Nilimwambia ahesabu ya kwenye kadi. Siku chache baadaye akapiga tena, nikamjibu vilevile, kwa ukali kidogo. Halafu Jumanne moja, siku ambayo angekuwa sokoni Bwera, alitokea mlangoni kwangu Bulembia. Alikuwa amepanda gari mpaka Kasese mjini, kisha akapanda mlima kwa miguu akiuliza nyumba ya munganga wa ng'ombe.

Lazima niseme ukweli kuhusu siku ile. Nilifurahi mno kupata mgeni. Kikombe cha pili nilikitafuta muda mrefu, na nilipokipata kilikuwa na vumbi ndani, nikakiosha mara mbili. Nilikaanga chapati. Yeye alikaa kwenye ukingo wa kiti, akatoa kwenye kitambaa chake cha kichwani kamba nyembamba ya katani yenye mafundo.

"Kila Jumanne nafunga fundo moja," alisema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "ndio" huwa "njo". "Ya kwanza ni ile soko sikuenda, ngombe njo ililia. Ya leo njo ya mwisho. Wiki makumi ine imetimia."

Nikachukua kadi, nikamwonyesha tarehe. Nikamwambia wiki moja bado, na kwamba nimeshapanga na daktari wa upasuaji wa mifugo aje siku ya kadi, amchome ng'ombe sindano ya kuanzisha uchungu, kwa sababu ndama hawa wa maabara wengine hukaa tumboni kupita siku zao na huwa wakubwa. Nilijua jambo hilo. Ndiyo maana hadi leo linanichoma. Nilikaa kitini kwangu nikamweleza mama yule habari za sahani, za alama, za maji ya mama na maji tuliyoyachanganya sisi, saa nzima, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kunisikiliza na chai ilikuwa haijaisha. Nilimweleza kila kitu isipokuwa hesabu.

"Kadi ni ya siku yenye ulimuleta na chupa," alisema nilipomaliza. "Mi nasema siku yenye ngombe ililia."

"Mama, mimba inahesabiwa siku inapoingia."

Aliikunja kamba yake polepole, akairudisha kitambaani.

"Sawa, munganga. Wewe njo ulisoma."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikarudi nikakuta chapati aliyokuwa ameibakiza, nikaila mimi, na nyumba ikawa kimya kuliko kabla hajaja. Nilifikiri nimemsaidia kumtuliza.

Simu ya tatu ilikuja Jumatatu asubuhi, siku moja kabla ya tarehe ya kadi. Ng'ombe alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri na hakuna kilichotoka. Nilimpigia daktari. Alikuwa Mbarara na kazi zake, akaniambia atafika kesho, kama nilivyompangia mimi mwenyewe. Nikaondoka. Kwenye njia panda ya Kikorongo malori yalikuwa yamezibana njia zote mbili, nikapita pembeni kwenye changarawe, mtungi unagonga mgongo wangu, na ni hapo, katikati ya madereva wanaotukanana, ndipo mafundo ya kamba yalipokuja yakasimama mbele yangu. Siku ya kulia, kisha siku saba, kisha siku ya mrija. Nilichokiingiza Jumanne ile kilikuwa tayari kina wiki moja ya umri. Nilisimamisha pikipiki. Sijui nilisimama kwa muda gani, ila dereva mmoja alinipigia honi mpaka nikaondoka.

Nilipofika jua lilikuwa juu ya kichwa. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, kwato mbili za mbele za ndama zimetoka, nene kuliko zozote nilizowahi kushika. Nikapaka sabuni, nikaingiza mkono. Kichwa kilikuwa kimekuja sawasawa, ila kilikuwa kikubwa na kimekwama kwenye nyonga. Nilitia kidole mdomoni mwa ndama. Akaninyonya.

Huyo alikuwa hai, na alikuwa ananinyonya. Nilimwambia mama yuko hai, na nisingemwambia kama ningejua. Jirani Msongora alileta kamba, tukavuta kila ng'ombe aliposukuma, tukapumzika, tukavuta. Kila baada ya muda nilirudisha kidole. Mara ya pili alininyonya kidogo. Mara ya tatu ulimi ulikuwa umelala tu juu ya kidole changu, mzito. Tukaendelea kuvuta kwa ajili ya mama yake aliyembeba, na alipotoka alitoka kwa mara moja, mweupe na mweusi, mkubwa kama ndama wa mwezi mmoja, kitovu kimevimba kama kile cha kwenye picha. Ng'ombe alijaribu kuinuka amlambe, miguu ya nyuma ikakataa.

Mama hakulia. Alikaa chini kwenye nyasi, akakiweka kichwa cha ng'ombe wake mapajani, akawa anamsemesha kwa Kinande. Kama yule ng'ombe angekufa, asingebaki na kitu, na hilo tulilijua wote watatu.

Nilichukua jembe kwenda kuchimba shimo. Jirani akanizuia.

"Ngozi musizike," alisema. "Hii ngombe ikisimama itakataa kutoa maziwa. Wacha nichune."

Alimchuna ndama taratibu, akaipaka ngozi chumvi ya Katwe upande wa ndani, akaianika, na ilipokauka akaijaza nyasi kavu na kuishona. Hivyo ndivyo wafugaji wa kule wanavyofanya tangu zamani ndama akifa: ng'ombe huonyeshwa ngozi ya mwanawe, akainusa, akailamba chumvi yake, na maziwa yakashuka.

Nilibaki Munkunyu siku zile. Kila baada ya saa chache tulimgeuza ng'ombe kutoka ubavu mmoja hadi mwingine miguu isife ganzi, mimi na mama, tukisukuma kwa mabega. Meneja wa mradi alinipigia simu. Nilimweleza ndama alivyokuwa.

"Andika ni ile hitilafu ya viinitete vya maabara," alisema. "Inajulikana. Hakuna wa kulaumiwa."

Na ilikuwa kweli, kwa nusu. Ndama yule alikuwa na alama zake zilizopotea, angekuwa mkubwa hata tungemtoa siku ya fundo la mwisho. Lakini siku ile daktari angekuwepo na kisu chake, na ndama angekuwa mdogo kwa siku saba. Hakuna ajuaye. Hiyo nusu nyingine hakuna mtu angeiuliza kamwe, na kwa siku tatu niliibeba nikitafuta mahali pa kuitua.

Siku ya tatu, asubuhi, ng'ombe alisimama. Alisimama akiyumba, mguu mmoja wa nyuma ukiburuta, lakini alisimama, na mama akashika ukuta wa banda kana kwamba ni yeye aliyeinuka. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi kinang'aa. Mama akachuchumaa na kibuyu chake, akavuta, akavuta, hakuna tone. Jirani akanikabidhi ile ngozi iliyoshonwa.

"Shika mbele yake," akasema. "Usiitikise."

Basi nikaishika. Nilikuwa nimekaa kwa magoti mbele ya ng'ombe, nimemkumbatia yule ndama wa nyasi ambaye niliwahi kutia kidole kinywani mwake, na ng'ombe akashusha kichwa, akanusa, akaanza kulamba. Hakuwa mwanawe wa damu. Yai lilitoka kwa ng'ombe ambaye hatukuwahi kumwona. Yeye alilamba kuanzia shingoni hadi mgongoni, ulimi wake ukipita juu ya vidole vyangu pia, na nyuma nikasikia maziwa yakigonga kibuyu.

Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia.

"Mama," nikasema, "zile siku saba ni mimi. Hesabu yako ilikuwa sawa. Niliandika siku ya mrija, nikasahau siku za sahani."

Aliendelea kukamua.

"Nilijuaka," alisema. "Nilikuwa nangojea utasema ao hautasema."

"Ningeweza kusema ni maabara."

"Ungesema, ningeitika. Mi sikusoma."

Maziwa yaliendelea kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Zile siku saba, mutoto alikuwaka na nani?"

"Hakuwa na mtu. Alikuwa kwenye sahani, ndani ya kabati."

"Peke yake."

"Peke yake, Mama."

"Njo maana haukuzihesabu."

Hakusema kwa ubaya. Aliinuka na kibuyu, akafuta mkono kwenye kitenge. "Mi siku za peke yangu nazihesabuka zote," akasema. "Za ngombe iko kamba moja. Za batoto yangu iko kamba ingine, ile siionyeshaka mutu." Akaingia ndani na maziwa. Nilibaki nimeshika ngozi, maana ng'ombe alikuwa hajamaliza kulamba.

Kwenye fomu ya mradi niliandika kwamba mtaalamu alikosea hesabu kwa siku saba. Meneja alikasirika, akasema nimejitia kitanzi mwenyewe, na tangu hapo kazi za mradi hupewa wengine zaidi kuliko mimi. Kadi zangu zilizobaki nimezichorea mstari wa pili kwa rula, kadi moja moja, mezani kwangu. Kwa wiki tatu nilitoka Bulembia kila alfajiri kwenda Munkunyu kushika ngozi, hata baada ya jirani kuniambia wazi kwamba ng'ombe sasa anatoa maziwa hata ukiitundika tu ukutani. Mama hakuniambia niache. Alikuwa akiniwekea maziwa kwenye kikombe.

Siku ya binti yangu ilikuja mwezi uliofuata. Nilikuwa nimefunga uzi kwenye mkono wa pikipiki nisisahau, na asubuhi, kabla ya kuchungulia mtungi, nikapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Baba?" akasema. "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia ni leo tu.

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Ni leo."